Kusi ikivuma Utange: je, tuuvune upepo wa baharini?

Msomaji mpenzi, kama hujawahi kulala Utange mwezi wa Agosti, basi hujaujua upepo wa kusi. Minazi huinama kama inayosujudu, mabati hugongana usiku kucha, na nguo uliyoianika asubuhi huenda ukaifuata kwa jirani jioni. Sisi tuishio huku Kisauni, ndani kidogo ya barabara ya Malindi, hatuioni bahari tukiwa barazani, lakini upepo wake hutufikia bila kukosa.

Ilikuwa jioni moja ya kusi kama hiyo. Stima ilipotea mwendo wa saa moja na nusu, wakati mpwa wangu aliye kidato cha tatu alikuwa akidurusu fizikia. Tukatoka barazani. Pale mkekani alikuwa ameketi mzee mmoja jirani yetu, mvuvi tangu ujana wake, aliyekuja kutujulia hali. Kijana akaisikiliza minazi ikivuma, kisha akasema:

"Mjomba, upepo wote huu wapita bure na sisi tuko gizani. Wazungu wamesimamisha vinu baharini na wanapata umeme. Mbona sisi hatuviweki pale Shanzu?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee akakohoa kidogo. "Wakishaipanda hiyo milingoti yao, mwanangu, mimi wavu wangu nitautupa wapi?"

Nilinyamaza, msomaji. Maswali yote mawili yalikuwa ya haki, na sikuwa na jibu la hata moja. Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma na kuuliza. Leo nakuletea niliyoyapata, ili nawe ukiulizwa na mwanao usinyamaze kama mimi.

Kinu cha baharini hufanyaje kazi?

Kinu cha upepo si kitu cha ajabu. Ni pangaboi lililogeuzwa. Pangaboi la nyumbani hupewa umeme likatoa upepo. Kinu hupewa upepo kikatoa umeme. Mapanga matatu marefu huzungushwa na upepo, nayo huzungusha jenereta iliyo juu ya mnara. Umeme huo hushuka kwa waya ndani ya mnara, ukapita katika nyaya nene zilizozikwa chini ya bahari hadi nchi kavu, na huko huunganishwa na gridi ya taifa.

Kwa nini watu wahangaike kukipeleka baharini? Sababu ya kwanza ni kwamba baharini hakuna vilima, misitu wala majumba ya kuuvunja upepo. Huvuma kwa nguvu zaidi na kwa utulivu zaidi. Wanafunzi wa fizikia watanielewa haraka hapa: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu inayopatikana haizidi mara mbili, bali mara nane. Hata upepo ukitoka mita 6 kwa sekunde kufikia mita 7 tu, nguvu huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana wahandisi hufukuzia kila tone la kasi.

Sababu ya pili ni ukubwa. Panga lenye urefu wa uwanja wa mpira huwezi kulikatisha kona za barabarani, lakini meli hulibeba bila taabu.

Waliotangulia ni Wadenmark. Mwaka 1991 walisimamisha vinu 11 katika maji mafupi ya Vindeby. Kila kimoja kilitoa kilowati 450, vyote kwa jumla havikufika megawati 5. Vilifanya kazi miaka 25 na ushei, vikang'olewa mwaka 2017. Linganisha na shamba la Hornsea 2 la Uingereza lililokamilika mwaka 2022: vinu 165, kila kimoja megawati 8, jumla zaidi ya megawati 1,300, mbali sana na pwani.

Sisi Wakenya si wageni wa jambo hili, ila vinu vyetu vyote viko nchi kavu. Viwili vilisimamishwa katika vilima vya Ngong mwaka 1993. Leo shamba letu kubwa liko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, lenye vinu 365 na uwezo wa megawati 310. Kinu kimoja cha Hornsea kinalingana na zaidi ya vinu tisa vya Turkana. Katika bahari yetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hakuna hata kimoja.

Faida zake

Tuanze na mazuri, maana yapo na ni makubwa.

Kwanza, upepo haununuliwi. Sisi wa Mombasa twaijua mitambo ya Kipevu na ya Rabai, inayochoma mafuta mazito yanayoletwa na meli. Bei ya mafuta ikipanda ulimwenguni, sehemu ya bili yako ya stima hupanda nayo, hata kama hukuongeza taa moja nyumbani. Kinu cha upepo hakijui bei ya pipa la mafuta.

Pili, hakitoi moshi. Hili lamhusu hata yule mzee mvuvi. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Matumbawe yakifa, samaki hukosa nyumba. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe ndio unaozidi kuipasha joto dunia, na bahari ndiyo inayolimeza joto hilo kwa wingi. Kwa hiyo adui wa mvuvi si mlingoti peke yake. Kuna adui mwingine asiyeonekana.

Tatu, hakuna shamba la mtu linalochukuliwa. Waulize watu wa Kinangop. Huko ulikusudiwa mradi wa upepo wa megawati 60, lakini wenyeji waliandamana kwa ajili ya ardhi yao, na mwaka 2016 mradi ukavunjwa. Kule Loiyangalani nako, Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi, ambayo ni zaidi ya ekari 150,000, hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Nne, umeme huzaliwa karibu na watumiaji. Vinu vya Turkana vilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuuleta umeme Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika hadi mwaka 2018. Kwa muda wote huo vinu vilisimama bure, na kulingana na mkataba serikali ilidaiwa fedha za umeme ambao hakuna aliyeutumia. Miji mingi mikubwa ya dunia iko pwani. Mombasa ni mmojawapo.

Tano, kuna kazi. Vifaa vya Turkana vilishushwa hapa hapa katika bandari ya Mombasa, vikapelekwa kaskazini kwa malori. Huko Denmark, mji wa Esbjerg uliokuwa ukitegemea samaki sasa ni bandari kubwa ya kupakia vinu vya baharini. Wanahitajika wapiga mbizi, mabaharia, wachomeleaji na mafundi wa stima. Hizo ni kazi ambazo vijana wa Kisauni na Likoni wanaziweza wakifunzwa.

Tena, nguzo iliyozama majini haikai kitambo kabla ya kuota chaza na kome, na samaki wadogo wakaja kujificha. Wavuvi wetu walijua siri hiyo kabla ya wataalamu: penye gofu la meli iliyozama, ndipo penye samaki.

Hasara zake

Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Tusikilize na upande wa pili.

Hasara ya kwanza ni gharama. Chumvi hula chuma. Kinu cha nchi kavu kikiharibika, fundi hupanda gari. Cha baharini hutaka meli maalumu na siku ya maji matulivu. Kwa kawaida umeme wa upepo wa baharini ni ghali kuliko ule wa nchi kavu, na nchi kama yetu, yenye maeneo makavu ya upepo mkali huko Marsabit, haina budi kujiuliza kwa nini ianze na kilicho ghali.

Ya pili ni kina. Hapa ndipo bahari yetu inapotofautiana na ile ya Wadenmark. Bahari yao ni ya maji mafupi kwa kilomita nyingi, na nguzo hupigiliwa chini kama kigingi cha mbuzi. Nguzo za namna hiyo hufaa hadi kina cha mita 60 hivi. Bahari iliyo mbele ya Mombasa haina tabia hiyo. Ukishauvuka mwamba, sakafu huteremka ghafla, na ukienda kilomita chache tu kina kimepita mita 200. Kwa hiyo kijana wetu asitarajie kuviona vinu vimepigiliwa mbele ya Shanzu.

Iko njia nyingine, ya vinu vinavyoelea na kufungwa kwa nanga. Vitano vya namna hiyo, vyenye jumla ya megawati 30, vilianza kazi mwaka 2017 karibu na Peterhead, Scotland, katika kina cha karibu mita 100. Elimu hiyo ingali changa na bei yake ni ya juu. Mahali ambapo sakafu ya bahari yetu imetandaa kwa upana zaidi ni Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Lakini hapo ndipo penye kamba kwa wingi, na wavuvi wadogo na meli kubwa za kukokota nyavu wamegombana hapo kwa miaka mingi. Je, tumlete mgeni wa tatu kwenye ugomvi huo?

Hasara ya tatu ni majira. Wazee wetu waliuhesabu mwaka kwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Katikati kuna tanga mbili, wakati upepo hauna mwelekeo na tanga hulegea. Kinu nacho kitalegea wakati huo. Isitoshe, kusi hushika nguvu mwezi wa Juni hadi Agosti, wakati wa baridi kwetu. Joto la Februari, kila nyumba ya Mombasa inapowasha pangaboi, kusi haipo. Ndipo umeme wa upepo huhitaji mwenzake wa kuushikia zamu. Bahati nzuri sisi tuna mvuke wa Olkaria na maji ya mto Tana, na jua la kaskazi juu ya mapaa yetu.

Ya nne ni viumbe. Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari za kusini ya mbali kuja kuzaa. Nguzo inapopigiliwa, kishindo chake husafiri majini masafa marefu, na nyangumi huishi kwa kusikia. Ndege wahamao, wale wanaotua Mida na kwenye mdomo wa mto Sabaki, nao wanaweza kugongwa na mapanga. Huko Ulaya wamebuni hila, kama vile kuizunguka nguzo kwa pazia la mapovu ili kupunguza kishindo. Hupunguza, lakini hakiondoki chote.

Ya tano ni msongamano. Mtu akisimama Nyali akatazama baharini huona maji matupu. Kumbe si matupu. Kutoka Mombasa hadi mlango wa Mtwapa ni Mbuga na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Kuna njia za meli ziendazo bandarini. Kuna mikongo ya mawasiliano, mfano ule wa TEAMS uliofika kutoka Fujairah mwaka 2009. Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari ikaukata, na mawasiliano ya nchi kadhaa yakazorota. Ongeza nyaya za stima hapo, uone.

Na katika msongamano huo, wa kwanza kusukumwa ni mwenye chombo kidogo. Meli kubwa ikifungiwa mahali, huzunguka. Mwenye ngalawa atazunguka kwa tanga gani? Wakati wa kusi hata kuuvuka mwamba ni shida kwake. Yaani miezi ile ambayo kinu kingezalisha sana ndiyo miezi ambayo nyumbani kwa mvuvi mna samaki haba. Kama hana sehemu katika faida hiyo, ataukaa mwaka mzima akiitazama mali ikizunguka mbele ya macho yake.

Tujiulize nini?

Sasa nirudi barazani, msomaji, maana nina jambo la kukiri. Stima iliyotukatikia usiku ule ilirudi siku ya pili, mafundi walipomaliza kuitengeneza transfoma ya mtaa iliyoungua. Kenya nzima ilikuwa na umeme usiku ule; Utange ndiyo iliyokosa. Tungekuwa na vinu mia baharini, kijana wangu bado angedurusu kwa koroboi.

Hili ndilo nililojifunza zaidi ya yote. Kuzalisha umeme ni jambo moja, na kuufikisha nyumbani ni jambo jingine. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, ilhali mvuke wa Olkaria haukuwa umekauka wala upepo wa Turkana haukuwa umekwisha. Gridi ndiyo iliyoanguka. Kwa hiyo mtu akija na ahadi ya vinu vya baharini na kusema giza litakwisha Kisauni, muulize kwanza habari za nguzo zilizooza, nyaya zilizochoka na transfoma zilizolemewa.

Je, nasema tuupe upepo wa bahari kisogo? La, hasha. Bei ya vinu vinavyoelea huenda ikashuka, kama ya paneli za jua ilivyoshuka, na siku moja wapimaji watafika kwetu na vyombo vyao. Nachosema ni kwamba siku hiyo isitukute tumelala. Mambo matatu tuyaulize mapema.

La kwanza: je, walioitumia bahari hiyo wameulizwa kabla mchoro haujachorwa, au wanaitwa kuonyeshwa mchoro uliokwisha? Katiba yetu ya mwaka 2010 inawapa wananchi nafasi katika kuyalinda mazingira, na nafasi hiyo ina meno. Juni 2019, jopo la kitaifa la kusikiliza mashauri ya mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu. Mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

La pili: umeme huo utakwenda wapi, na nani atalipa usipotumika? Tusisahau vinu vya Turkana vilivyosubiri laini.

La tatu: vikizeeka, nani ataving'oa? Vya Vindeby viling'olewa na wenyewe. Mkataba usiotaja siku ya kung'oa ni mkataba wa kuwaachia wajukuu vyuma.

Nilimweleza kijana haya yote Jumapili iliyopita. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo, Mjomba, jibu ni hapana?" Nikamwambia jibu ni asome. Mombasa tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi, tuna na Bandari Maritime Academy. Atakayesimama mbele ya wapimaji siku hiyo na kuwauliza kina ni mita ngapi na nanga ni za aina gani, awe ni mtoto wa Utange.

Na mzee? Yeye nilimwendea mwenyewe nyumbani kwake. Nikamwamkia, nikamwambia swali lake bado halijapata jibu, maana hata mahali pa kuweka hivyo vinu hapajatajwa. Alicheka. "Basi na watakapokuja," akasema, "wasipime kwa mashine zao tu. Mimi naweza kuwaambia kusi huanza lini, hugeuka lini, na samaki hupita wapi. Lakini waje kabla sijafa."

Nilimpa daftari mpwa wangu. Sasa kila Jumamosi jioni, stima ikiwapo au isipokuwapo, huketi mkekani na mzee akaandika: tarehe, upepo umetoka wapi, bahari ilikuwaje, kilichopatikana ni nini. Daftari la shilingi hamsini. Nawe msomaji, kama una mzee wa bahari nyumbani kwenu, Likoni, Mtwapa au popote pale, huenda ukaona kuwa jambo hilo halihitaji kumngoja mpimaji wala serikali.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma njema.